Waliokimbia Umande, na Sisi Tuliolowa

Haya wadau, nimerudi. Mitihani imekwisha, boom lilikwisha kabla ya mitihani, na sasa nina muda wa kuandika kitu kirefu kidogo. Kaeni mkao wa kula. Leo nataka tuongelee miguu, miguu ya kwendea shule.

Kiswahili kina msemo mmoja ambao ukiutafakari unacheka kwanza, halafu unanyamaza. Mtu ambaye hakusoma tunasema alikimbia umande. Wengi walikimbia hesabu, wengi zaidi walikimbia fimbo, lakini lugha yetu ikachagua umande. Yaani wazee waliotuachia msemo huu walijua kuwa kilichomshinda mtoto mara nyingi hakikuwa darasani. Kilikuwa kule njiani, alfajiri, majani yamelala yamelowa, na shule iko mbali.

Nimeukumbuka msemo huo kwa sababu ya mjadala wa semina moja hapa chuoni. Tulikuwa tunasoma kuhusu kampeni za Ulaya na Marekani za kuwahamasisha watoto na wazazi waende shule kwa miguu. Darasa zima likaangua kicheko. Mwana mmoja kutoka Singida akasema, "Sasa sisi tuhamasishwe kutembea? Si ni sawa na kumhamasisha samaki aogelee?" Nilicheka na mimi. Lakini nilipofika hosteli nikaanza kujiuliza, hivi hii miguu yetu ina historia gani? Nani aliamua kuwa mtoto wa Mbwawa atembee kilomita ngapi? Maana umbali wa shule haushuki toka mbinguni. Kuna watu hukaa, wakaamua shule ijengwe wapi na watu wakae wapi.

Kwa wasiopajua, Mbwawa ni kata ya Kibaha Mji, mkoa wa Pwani. Lakini ukifika usianze kutafuta maghorofa. Ni mji wenye mihogo, mikorosho na miembe. Ndiko nilikozaliwa, na ukoo wetu una vizazi vitatu vya watembeaji, kwa hiyo nitawatumia ndugu zangu kama mifano. Hawatalalamika, hawana bando.

Tuanze na babu. Babu alisoma miaka ya 1950, enzi za Mwingereza. Mfumo wa wakati ule ulikuwa hivi: shule ya msingi ilikuwa ya miaka minne tu, darasa la kwanza mpaka la nne. Ukimaliza unafanya mtihani, na wachache wanaochaguliwa wanakwenda shule ya kati, darasa la tano mpaka la nane. Shule zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Nyingine za misheni, nyingine za serikali za mitaa za wakati huo, na watu nao walikuwa wametawanyika, kila mtu na boma lake shambani kwake. Babu anasema walikuwa wanatoka jogoo la pili, watoto wa maboma manne matano wanakutana kwenye mti mmoja, kisha wanaondoka pamoja, mkubwa mbele na mkubwa mwingine nyuma, wadogo katikati. Kwa nini? Nyoka, nguruwe pori, na wakati mwingine chui. Msishangae, Pwani ilikuwa pori.

Aliyefaulu darasa la nne alikuwa na kazi kubwa zaidi, maana shule ya kati ilikuwa mbali kiasi kwamba kutembea kwenda na kurudi hakuwezekani. Ndiyo maana nyingi zilikuwa za bweni. Hata Mwalimu Nyerere alianza shule mwaka 1934, tayari ana miaka kama 12, pale Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilomita 40 na ushee kutoka kwao Butiama. Alikaa bweni. Sasa jiulizeni, ni wazazi wangapi wangemwachia binti wa miaka 12 aende kilomita 40? Bibi yangu hakwenda shule hata siku moja. Nikimuuliza kwa nini, ananijibu, "Mjukuu wangu, mimi sikuukimbia umande. Mimi sikuonyeshwa njia." Hilo jibu nimelitunza.

Kisha ukaja Uhuru, likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka huo huo Mwalimu akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Zaidi ya asilimia 90 ya Watanzania walikuwa vijijini, lakini "vijijini" maana yake haikuwa kijiji kama tunavyokijua leo. Nyumba moja hapa, nyingine ng'ambo ya bonde. Serikali ikawa na swali gumu: unajengaje shule, zahanati na bomba la maji kwa watu waliotawanyika hivyo? Jibu lake likawa, tusiwapelekee watu shule, tuwalete watu karibu na shule. Kwetu Pwani, Rufiji walitangulia. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 watu wa bondeni walihamishiwa sehemu za juu. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, nchi nzima, na kazi iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Ndiyo ile inayoitwa Operesheni Vijiji.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1974, TANU ikakutana Musoma na kuamua kuwa elimu ya msingi kwa kila mtoto isingoje mpaka 1989 kama ilivyopangwa, ipatikane ifikapo Novemba 1977. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa mwaka 1973. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, na kufikia 1978 walikaribia milioni 3. Wadau, hayo ni karibu mara mbili na nusu ndani ya miaka minne! Walimu hawakutosha, ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini, wale walioitwa walimu wa UPE, ambao mpaka leo watu wanawatania bila kujua walibeba mzigo gani.

Vitabuni Operesheni Vijiji inajadiliwa sana kama siasa na kama uchumi. Mimi nikiisoma naiona pia kama hadithi ya nani atembee. Mtoto alisogezwa karibu na shule, sawa. Lakini shamba halikusogea. Mikorosho ya babu ilibaki kule kule ilikopandwa, kwa hiyo bibi, ambaye zamani alikuwa anafungua mlango yuko shambani, sasa akawa anaamka usiku kwenda kulima mbali na kurudi jioni. Na sehemu nyingine za nchi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto ili wasirudi. Umande haukuondoka. Ulihamishwa kutoka kwenye miguu ya mtoto ukapelekwa kwenye miguu ya mama yake. Sisemi ilikuwa vibaya au vizuri, bibi mwenyewe analalamika na kushukuru katika sentensi moja. Bila hicho kijiji, bi mkubwa wangu asingesoma.

Bi mkubwa alianza darasa la kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, hali ngumu, sabuni kwa foleni, viatu ndoto. Waliokuwa na bahati walivaa katambuga za matairi, wengine peku. Shule ilikuwa karibu, mwendo wa kama nusu saa, lakini mtoto hakutembea mikono mitupu. Mkono mmoja kidumu cha maji, mwingine fagio la chelewa, siku nyingine jembe begani, maana shule ilikuwa na shamba. Ukifika unawahi namba. Mnakumbuka namba? Ukichelewa kuwahi namba, kiranja anakuandika. Halafu mchakamchaka, jasho linatoka, ndipo mnaingia darasani. Bi mkubwa anasema tebo ya saba na ya nane alizijua njiani, wakubwa walikuwa wanawaimbisha wadogo mpaka getini. Njia ilikuwa darasa ambalo halina mwalimu mkali.

Baadaye mambo yakalegea. Katikati ya miaka ya 1980 na miaka yote ya 1990 michango na ada zikarudi, majengo yakachakaa, watoto wengi wakabaki nyumbani hata pale shule ilipokuwa jirani. Hapo historia inatufundisha kuwa umbali siyo kila kitu, mlango unaweza kuwa karibu na bado ukafungwa. Ada ya msingi ikafutwa tena mwaka 2001, ukaja MMEM wa 2002 mpaka 2006, wananchi wakichangia mchanga na matofali. Wanafunzi wa msingi wakapanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Hiyo ndiyo shule niliyoikuta mimi.

Sasa shida ikahama ghorofa moja juu. Hawa mamilioni wakimaliza la saba wanakwenda wapi? Likaja jibu la MMES na shule za kata. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291, na mwaka 2009 zikawa 4,102. Watu walizicheka shule za kata, wakaziita majina, na matokeo ya kidato cha nne yalipokuwa mabaya zikasemwa sana. Lakini mimi ni mtoto wa shule ya kata na leo niko mwaka wa tatu wa ualimu, kwa hiyo nitazitetea mpaka kesho. Isipokuwa jambo moja. Kata ni kubwa. Mtoto aliyekuwa anakwenda shule ya msingi nusu saa, ghafla kidato cha kwanza anatembea saa moja na nusu, pengine mbili, kwenda tu. Tena katika umri ule ambao njia inakuwa na macho.

Nilianza kidato cha kwanza mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya elimu bila malipo kufika mpaka kidato cha nne. Mtaani kwetu tulikuwa wasichana sita. Tulikuwa tunapitiana kwa kugongeana madirisha, giza bado, tukiimba ili tusiogope. Kwa kweli hizo asubuhi nilizipenda. Lakini njia ya jioni ilikuwa tofauti. Mmoja kabakizwa usafi, mwingine anaumwa, mwingine yuko masomo ya ziada, kila mtu anarudi kivyake. Na njiani kuna bodaboda. Anasimama, anakuita dada, anasema panda nikusogeze, sitaki hela. Umetembea tangu saa kumi na moja alfajiri, hujala tangu jana usiku, jua la Pwani mnalijua. Lifti ya kwanza ni lifti kweli. Ya kumi inakuwa deni. Tulianza sita, tukafanya mtihani wa kidato cha nne wanne. Wakati ule msichana akipata mimba shuleni ndiyo ilikuwa basi tena. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, warudi. Kwa rafiki zangu wawili ulichelewa.

Ndiyo maana sikuweza kucheka mpaka mwisho kule semina. Hebu tuwaangalie hao wazungu kwanza, wao walifikaje huko? Marekani mwaka 1969 karibu nusu ya watoto wa shule za msingi na za kati walikwenda shule kwa miguu au baiskeli. Kufikia 2009 walibaki kama asilimia 13. Magari yaliongezeka, shule zikajengwa mbali pembezoni mwa miji, wazazi wakaogopa barabara, wakaamua kuwapeleka watoto kwa gari, magari yakazidi kuwa mengi, na barabara ikazidi kutisha. Nyoka anajila mkia. Katikati ya miaka ya 1990 Uingereza wakaanza wiki ya kutembea kwenda shule, Chicago wakafanya siku yao mwaka 1997, na tangu mwaka 2000 kuna siku ya kimataifa kila Oktoba. Mwaka 1998 kule Hertfordshire, Uingereza, wakaanza kitu wanachokiita basi la miguu: watoto wanapanga mstari, mtu mzima mbele, mtu mzima nyuma, wanapitia nyumba moja moja kuchukua wengine mpaka shuleni. Nilipolisoma hilo nikampigia babu simu nimwambie. Akasema, "Kumbe wamejua leo?"

Lakini kuna somo lingine walilonalo wao ambalo sisi hatuna. Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa miongoni mwa nchi za Ulaya zilizopoteza watoto wengi zaidi barabarani. Mji wa Odense ukaanza kuchunguza njia ambazo watoto wanapita na kuzirekebisha, moja baada ya nyingine. Hawakuanza na mabango ya "tembeeni", walianza na njia. Na Denmark hiyo hiyo ni moja ya nchi za Nordiki zilizotujengea kituo cha elimu pale Tumbi, Kibaha, miaka ya 1960, tukakabidhiwa mwaka 1970. Kibaha Sekondari ikawa shule ya vipaji, ya bweni, wanakuja vijana toka kila kona ya nchi. Sisi wa jirani tukabaki na njia zetu za miguu.

Na hizi njia zinabadilika haraka. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa ikawa njia nane. Nani hapendi kupunguza foleni? Lakini mwangalie mtoto wa darasa la pili akiwa upande huu na shule iko upande ule. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ndiyo maana mzazi mwenye uwezo anamtia mwanawe kwenye kosta ya shule, na asiye na uwezo sana anawapakia watatu kwenye bodaboda moja, mikoba ikining'inia kama maembe. Na polepole kutembea kunakuwa alama ya umaskini. Watoto wanataniana, "wewe wa kwa miguu." Hapo tunaelekea kule kule walikotoka Wamarekani, bila hata kupita kwenye utajiri wao.

Habari njema ni kwamba dawa imeshajaribiwa hapa hapa nyumbani. Shirika moja linaitwa Amend lina programu inayoitwa SARSAI, limefanya kazi katika shule za msingi za Dar es Salaam. Wanakwenda kwenye shule ambazo watoto wake wanagongwa sana, wanatazama wanapita wapi, kisha wanajenga vitu vya kawaida kabisa: njia ya miguu pembeni, matuta, vivuko vya pundamilia, alama, na pengine wanahamisha geti la shule lisitazamane na barabara kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha shule zilizofanyiwa hivyo na ambazo bado, ukakuta watoto wanaojeruhiwa barabarani walipungua kwa kama robo. Mwaka huo huo programu ikashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Matuta na rangi nyeupe, wadau!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sisi hatuna haja ya kuhamasishwa kutembea, tunatembea tayari. Kinachotakiwa kuhamasishwa ni wakubwa, waifupishe njia, waisafishe, na wasiwaache watoto waipite peke yao. Kila mara taifa hili lilipoufupisha umbali, shule zilijaa. Kila mara lilipojenga darasa likasahau njia, waliodondoka walikuwa wasichana na wadogo. Hata mradi wa SEQUIP, ulioanza baada ya mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 wa mwaka 2020, umejenga shule mpya za sekondari kwa hoja hiyo hiyo ya umbali. Basi kijiji kikiitwa mkutano wa kuchagua kiwanja cha shule, msiwaachie watu watatu na mwenyekiti. Nendeni. Kiwanja cha bure kilicho mbali ni ghali kuliko cha kununua kilicho katikati.

Kwa Mbwawa mambo mengine hayahitaji hata mkopo. Kwanza, turudishe msururu wa babu, asubuhi na hasa jioni. Shule isimwachie mtoto mmoja mmoja kwa sababu ya usafi au adhabu, iwaachie kwa mitaa, wa mtaa mmoja waondoke pamoja. Pili, pale njia inapokutana na lami asimame mtu mzima, wazazi wapokezane zamu. Tatu, kamati za shule ziangalie saa ya kuwahi namba. Mtoto anayekaa mbali akitakiwa awepo saa 12:30 asubuhi, maana yake tumemwamuru atembee gizani. Nne, uji. Ile lifti ya bodaboda ina nguvu kwa sababu tumbo ni tupu.

Najua kuna wa kuniambia, "Mwalimu mtarajiwa, wewe ukipata ajira utanunua gari na wanao watapanda kosta." Inawezekana, mimi siyo malaika. Lakini ningependa iwe kwa hiari yangu, siyo kwa sababu njia inaua. Na mtoto wa jirani asiye na gari aipite njia hiyo hiyo bila kuimba kwa woga.

Sasa zamu yenu. Wewe ulikuwa unatembea muda gani, na nani alikuwa mbele ya msururu wenu? Niandikieni, hasa nyie wa Singida mnaojifanya samaki. Wiki ijayo, Mungu akipenda na bando likiwepo, nitaandika kuhusu walimu wa UPE.

Nawakilisha.